Mlima wa Kuchemshia Gari

4 Februari

Kwa mjukuu wangu Chiriku,

Marahaba, maana najua ungeniamkia kama ungekuwa na adabu ya kuja. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika lakini sijayapa nafasi ya kuongea. Macho yameingia ukungu kidogo, naona mlango wa jirani kama umetundikwa hewani, ila barua hii naandika mwenyewe, kwa mkono wangu. Madarasa yangu matatu yananitosha kukugombeza.

Dereva wa gari la mikate kaniambia kakuona huko mjini unaendesha gari la kuchaji kama simu. Kasema limempita hajalisikia, nusura limkanyage kiatu. Nikamuuliza, na lile la babu yake liko wapi? Akaanza kuangalia mikate yake. Basi nikajua. Umeuza gari la mume wangu, Chiriku, na hukunitumia hata neno. Tangu tumzike huu mwaka wa pili hujakanyaga hapa. Nilidhani teksi imekubana. Kumbe aibu.

Sasa sikiliza. Tangu niambiwe habari hiyo naota ndoto moja. Gari linakuja barabarani bila sauti, kama linasukumwa na upepo, magurudumu hayagusi vumbi. Babu yako amekaa kiti cha nyuma, kofia magotini, ananiuliza, "Mama watoto, mbona hatungurumi?" Nafungua mdomo nimjibu, naamka. Nikilala tena mchana, hivyo hivyo. Mimi sitaki kuota gari ambalo sijaliona. Lilete nilitazame, na wewe nikutazame, kabla ukungu haujafunga kabisa.

Njoo unijibu kwa mdomo. Si kwa barua.

Bibi yako,
mke mwenzako mkubwa


19 Februari

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Pole na magoti, na pole zaidi na macho. Mimi ni mzima wa mwili, moyo ndio hivyo. Umesema nisijibu kwa barua na najibu kwa barua. Nigombeze kwa hilo pia.

Ni kweli nimeliuza. Lilikuwa linakunywa petroli kuliko ninavyokunywa chai. Abiria walikuwa wanashuka na moshi kwenye nguo, mwingine ananiambia, "Dada, nimepanda teksi au jiko?" Siku ya kuliuza nilikaa ndani yake asubuhi nzima, nikanusa kiti chake, ndipo nikatoa ufunguo. Nilijua utaniuliza liko wapi, na sikuwa na uso wa kukujibu. Ndiyo maana sikuja.

Hili jipya si jipya, lilikuwa na mwenyewe kabla yangu. Lakini ukiliwasha, Bibi, huamini kama limewaka. Alfajiri napita mtaa wa wauza mbao nasikia ndege, nasikia mtu anapiga mswaki dirishani. Juzi abiria alilala mwanzo wa safari, tukafika nikaona haya kumwamsha.

Tatizo ni moja. Likijaa chaji linaenda kilomita mia na themanini, na hapo niliendeshe kwa upole. Kuja kwetu ni mia mbili na sitini, na njia nzima hakuna kituo cha kuchajia hata kimoja. Nitaishia katikati. Wanasema wataweka vituo. Wakiweka tu, nakuja.

Mjukuu wako,
Chiriku


2 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mimi mzima, wewe mzima, tuyaache hayo.

Wanasema wataweka. Akina nani hao? Wana bibi wao? Ukiwangoja utanikuta kwenye picha ukutani.

Unaniambia gari halifiki kana kwamba ndiyo mara ya kwanza duniani. La babu yako lilifika lini kwa pumzi moja? Kila tulipokwenda mjini kupeleka mito niliyoshona lilichemsha, na lilichemsha pale pale, juu mlimani, kwenye nyumba yenye mlango wa bluu. Babu yako anafungua boneti, anashika kiuno, anasema, "Mama watoto, limechemsha. Teremka." Mwanamke wa nyumba ile, tulimwita Mama wa Maji, anatoka na ndoo ya kumwagia rejeta, na kwapani kaniletea kigoda. Hatukuwa ndugu. Tuliomba tu, akatoa tu.

Basi mimi nakaa. Mawingu yanapita chini ya miguu yangu, chini kabisa, kama sufi iliyopasuka kwenye mto, na mji unaonekana halafu unapotea halafu unaonekana. Sina sindano mkononi. Hakuna mtoto wa kulia, hakuna sufuria ya kutazama. Nakaa mpaka lipoe. Wakati mwingine nilikuwa nasinzia macho wazi, nikajiona nimekaa juu ya godoro moja kubwa lililotandikwa dunia nzima. Nyumbani sikuwahi kukaa hivyo. Uliza yeyote.

Sasa wewe unashindwa nini? Umeme pale umefika, dereva wa mikate kaziona nguzo. Kapige hodi, sema wewe ni mjukuu wa mwenye mito. Omba umeme kama sisi tulivyoomba maji. Mpelekee huu mto niliokutumia pamoja na barua, usiende mikono mitupu kama mkaguzi wa mita.

Likishiba, teremka upande wa kwetu. Nakungoja.

Bibi yako


11 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Naomba ukungu usiwe umeongezeka. Mimi mzima, lakini naandika nikiwa mjini, kwa hiyo umeshajua kwamba sikufika. Usiichane barua. Isome kwanza.

Niliondoka Jumamosi asubuhi, mto wako kiti cha mbele, nimeufunga mkanda kama abiria. Tambarare gari lilikwenda kama linateleza kwenye mafuta. Mlimani ndipo chaji ikaanza kushuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Nikazima feni. Nikazima redio. Nikawa hata napumua kidogo kidogo, nadhani pumzi yangu ndiyo inayolichosha. Kisha nikaingia ndani ya wingu. Barabara siioni, injini siisikii, nikajiuliza kama nimeshakufa na bado sijaambiwa. Mbele yangu ukatokea mlango wa bluu.

Mama wa Maji yupo. Amekuwa mdogo, kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, lakini sauti ni ya mwenye nyumba. Nikamwambia mimi ni mjukuu wa mwenye mito. Akanitazama, akalitazama gari, akasema, "Ukoo wenu hamchoki kuharibikiwa hapa?" Nikasema halijaharibika, lina njaa tu. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akanipitishia waya dirishani, akaukumbatia mto wako, akaingia nao ndani, na hakuutoa tena.

Umeme wa nyumba huingia polepole, Bibi, kama kujaza pipa kwa kijiko. Tukakaa nje. Ukungu unakuja, unatufunika, unaondoka. Ukiondoka namkuta yupo pale pale na mimi nipo pale pale, na sijui kama umepita muda au tumeota. Ndipo akaniambia jambo ambalo hata sasa sina hakika kama nikuambie.

Alisema gari la babu halikuwa likichemsha. Mara ya kwanza ndiyo, lilichemsha kweli. Safari iliyofuata alitoka na ndoo, akagusa boneti kwa kiganja, akaona ni joto la safari tu. Babu akamkonyeza. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyu wangu nyumbani hakai. Nikimwambia pumzika, ananitafutia kazi na mimi. Nipe ndoo." Ikawa hivyo miaka yote, Bibi. Maji alikuwa anayamwagia maua ya Mama wa Maji, nyuma ya gari, ambako hukuwa unaona.

Alasiri umeme ukakatika mlima mzima. Tukangoja mpaka giza likaingia, haukurudi. Chaji niliyokuwa nayo isingevuka ule mlima mwingine ulio kati ya pale na kwetu. Kurudi mjini ni mteremko, na gari hili likiteremka linajirudishia chaji lenyewe. Tena Jumapili asubuhi nilikuwa na mgonjwa wa kumpeleka hospitali, nilishamwahidi mwanawe. Nikageuza. Nimekuja nusu ya njia, Bibi, nikageuza. Nililia mteremko wote, na namba ya chaji inapanda tu, kama inanicheka.

Nisamehe gari la babu, na unisamehe kugeuza.

Mjukuu wako,
Chiriku


24 Mei

Bibi,

Shikamoo. Hujajibu.

Dereva wa mikate anasema u mzima, ila ukimwona unafunga dirisha. Sijui nimekosa zaidi kwa kwenda au kwa kurudi. Au ni yale ya Mama wa Maji? Kama nimekuvurugia babu uliyekuwa naye, niambie, nitakuja hata kwa miguu nikupigie magoti. Mimi niliona ni jambo zuri. Ndiyo maana nikaandika. Sasa nabeba watu kutwa nzima, gari limenyamaza, na ukimya wenyewe naona kama ni wako.

Chiriku wako


10 Juni

Chiriku, mke mwenzangu,

Marahaba mbili, ya barua ile na ya hii. Mimi mzima, acha kupeleleza kwa wauza mikate. Dirisha nilifunga kwa sababu yule bwana akianza kuongea, uzi unanipotea.

Hukunivurugia kitu. Unadhani bibi yako mjinga? Nimelala ubavuni mwa dereva maisha yangu yote ya utu uzima. Gari linalochemsha hunuka kabla halijasimama, na hulia kama sufuria inayokauka. Lile lilikuwa linasimama pale na sauti yake njema kabisa, kama limetoka kuamka. Nilijua tangu safari ya pili. Nikashuka nikapiga kelele, "Gari gani hili, na wewe dereva gani!" ili asijue kwamba najua. Angejua, ningelazimika kumwambia asante, halafu niinuke twende. Sikutaka kuinuka. Nilitaka kukaa.

Na maua nilikuwa nayaona. Macho yangu yalikuwa mazima siku hizo. Hakuna ua lililostawi mlima ule kama yale ya nyuma ya gari.

Kilichoninyamazisha ni kwamba nilidhani jambo lile lilikuwa letu wawili, yeye kaondoka na nusu yake na mimi nimebaki na yangu, na hakuna tena wa kuziunganisha. Kumbe kuna mtu amesimama pale mlimani miaka yote hii na ndoo mkononi, anajua. Nimekaa na habari hiyo nikashona mito mpaka sufi ikaisha. Nimefurahi, Chiriku. Furaha yangu haina maneno mengi, ndiyo maana watu huiogopa wakadhani hasira.

Lile gari nililililia kwa kuwa nilidhani kile kikao kimekwenda nalo. Hakikwenda. Wewe umekaa pale na gari lisilo na hata rejeta, na ukungu umekuja vile vile. Basi, limeuzwa, limeuzwa. Nimekusamehe. Usiombe tena, utanichosha.

Sasa tutafanya hivi. Gari lako linafika mlimani, kwangu halifiki. Sawa, mimi nitafika mlimani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi napanda gari la mikate, dereva nimeshamwambia njiani afunge mdomo. Mama wa Maji nimempelekea salamu na mto wa pili, huo wa kwanza ameshaufanya wake. Kutoka pale utanipeleka mjini macho yatazamwe, na usishangilie, nitakugombeza kila siku nitakayokaa kwako.

Utanikuta nje, kwenye kigoda. Gari lako halina sauti, macho yangu yana ukungu, na mlima nao una wake. Sitakusikia wala sitakuona. Njoo tu unishike bega, nitajua ni mkono wa nani.

Ndoto ile imekuja tena juzi mchana. Babu yako yuko nyuma na kofia yake, kauliza tena mbona hatungurumi. Safari hii nimewahi kumjibu kabla sijaamka. Nimemwambia, "Mwache mtoto aendeshe."

Kuna jambo moja zaidi na usilisahau. Umesema umeme wa nyumba huingia polepole. Vizuri. Nikikuuliza kama limejaa, utasema bado. Hata likiwa limejaa, Chiriku, sema bado. Nitakupigia kelele, nitakuuliza gari gani hili na wewe dereva gani. Usinijibu. Fungua boneti, shika kiuno, uangalie ndani.

Bibi yako