Doh ya Adriko, Do ya Gaspard

Jumanne, 1 Oktoba 1974

Mazoezi ya kwaya yamevunjika. Sababu ni sauti moja tu. Doh.

Tulikuwa sebuleni kwetu kama kawaida. Mume wangu Adriko, mwalimu wa kwaya, ameshika karatasi ya wimbo wa harusi ya Igga, kijana wa kwaya yetu. Juu imeandikwa kwa Kiingereza: Doh is G, yaani doh ni sauti ya G. Akamwambia kaka yangu mkubwa Gaspard, ninayemwita Yaya kama tunavyowaita kaka kwetu Kongo, aliyekaa kwenye kinanda chake: tupe doh. Yaya akabonyeza do. Do yake, ile aliyofundishwa na mapadre kule kwetu Aru, ambayo haijawahi kusogea hata kidogo. Tukaanza. Kumbe juu mno: masoprano walipofika kileleni — kuku walioona mwewe! Mimi wa alto nikafunga mdomo nikawatazama.

Adriko akaeleza kwa sauti yake ya darasani. Kwa Kiingereza, doh si kitufe, ni nyumbani kwa wimbo. Wimbo ukihamia G, doh nayo inahamia G. Ukienda F, inaufuata. Yaya akamjibu kwamba hiyo G ina jina lake tangu zamani, inaitwa sol, na mutu hawezi kuwa Petro leo, kesho Yohana.

Kwaya nzima ikacheka. Adriko hakucheka.

"Katika nyumba yangu," akasema, "doh inahama."

Yaya akafunga kinanda, taratibu sana, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kulusum, jirani yetu, ameniletea bakuli la maharage na uso wa msiba. Akakaa. Akanishika mkono. Nikadhani kuna aliyekufa.

Akaniuliza kwa upole, "Sidonie, dada yangu, huyu Doh iko nani?"

Kumbe ukuta wetu mwembamba! Amemsikia mume wangu siku tatu mfululizo: Doh amehama, jana Doh alikuwa kwa F, leo Doh yuko kwa G, lazima tumfuate. Kulusum amejiambia kwamba Adriko ana mwanamke, tena mwanamke asiyetulia. Akataka kujua huyo G anakaa upande gani wa mji, ili amtume mume wake Sulemani akazungumze naye kiume.

Nimecheka mpaka nikashika tumbo. Nikamweleza. Hakuniamini sana. Amesema hata kama ni sauti, kwa nini ihamehame hivyo usiku na mchana?

Tumbo lenyewe lina mgeni, na Adriko bado hajui. Nangoja nyumba itulie kwanza. Naona nitangoja sana.

Jumapili, 6 Oktoba

Yaya amehama. Amebeba kinanda kwa mkokoteni mpaka chumba cha Kasimiro, rafiki yake muuza sabuni, nyuma ya soko. Hakupiga kelele. Aliniambia tu kwamba baada ya harusi atarudi Aru kabisa. Mama hajisikii vizuri, alisema. Mama! Mama yetu tulimzika kabla hatujavuka mpaka. Amesahau kwamba mimi nilikuwepo.

Tangu tuvuke kutoka Kongo ni yeye aliyenilea. Alinisuka nywele, vibaya, lakini alinisuka. Sina ndugu mwingine upande huu.

Adriko anakula akitazama ukuta pale kinanda kilipokuwa. Anasema sebule sasa ina nafasi nzuri.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimekwenda kwa Kasimiro. Yaya amekaa katikati ya maboksi ya sabuni anapiga kinanda, polepole, kwa kidole kimoja. Nikamuuliza kama kweli anaondoka kwa ajili ya do.

Akabonyeza do yake tena. Halafu akasema:

"Do ni kitu kidogo. Lakini alisema nyumba yangu. Mimi nilimaliza kujenga ile jiko pamoja naye. Mutu akizeeka kwa shemeji yake, siku moja ataambiwa atoke."

Nilitaka kumwambia kwamba atakuwa mjomba. Sikusema. Nisingependa abaki kwa sababu ya kunihurumia. Nikanunua vipande vya sabuni nisivyohitaji, nikarudi.

Nyumbani nimemwambia Adriko: kaka yangu hakuondoka kwa ajili ya doh, aliondoka kwa ajili ya neno "yangu". Akasema alimaanisha muziki. Nikamwambia, basi ungesema muziki.

Jumapili, 13 Oktoba

Sauti imekauka. Jana ilikuwa harusi ya Igga, kanisa dogo la kwao bibi harusi, njia ya Koboko. Lori, vumbi, nguo za kwaya zimekuwa rangi ya mihogo mikavu.

Yaya alikuja kwa lori lingine. Kwa heshima ya Igga, alisema. Akakaa na wageni, benchi la nyuma.

Adriko akatoa doh kwa koo lake mwenyewe. Masikini mume wangu! Aliogopa, na mtu akiogopa sauti yake inapanda mti. Tukaanza huko huko juu. Ubeti wa pili masoprano wakakatika mmoja mmoja, akabaki Ayikoru peke yake analia kama mlango. Hata bibi harusi aliinama kuficha kicheko. Adriko akashusha mikono. Jasho. Sikuweza tena kumcheka.

Kisha nikasikia viatu. Yaya alitembea kutoka nyuma, akaketi kwenye kinanda kikuukuu cha kanisa, akabonyeza sauti moja. G. Chini, laini, mahali pake hasa. Hakumtazama mtu. Adriko akainua mikono tena. Tukaimba — sijui kama tumewahi kuimba hivyo. Mama wa Igga alitoa machozi.

Kurudi tulipanda lori moja, Adriko mbele na dereva, Yaya nyuma juu ya magunia. Tuliposimama kunywa maji Adriko akaninong'oneza kwamba umeona, hatimaye amekubali, ametoa doh. Nikamfuata Yaya upande wa pili wa lori. Yaya akasema: "Nilimupatia sol. Yeye aite vile anataka."

Wanaume hawa!

Wala mmoja hakumwambia mwenzake asante.

Jumatatu, 14 Oktoba

Asubuhi nimemwambia Adriko kuhusu mtoto. Alikaa chini palepale jikoni. Akafurahi, akashika kichwa, akauliza kama Gaspard anajua. Nikasema hapana. Nikasema pia kwamba lori la Aru linaondoka saa nane.

Akatoka bila kofia. Baiskeli ya jirani, haikuombwa.

Sasa ni karibu saa kumi. Kulusum amerudi sokoni sasa hivi, amepita hapa akihema. Anasema lori limeondoka, ameliona kwa macho yake mwenyewe, akalipungia mkono. Na shemeji wawili amewaona wamekaa kwenye baraza la duka la Medina pale sokoni, kinanda chini, mizigo pembeni, wanabishana.

Wanabishana nini, nimemuuliza.

Hakujua vizuri. Alisikia Adriko akisema "nyumba yetu", mara mbili, na Gaspard akimwambia aseme tena, eti hakusikia sawasawa.

Kulusum anataka twende tukawasikilize. Nimemwambia mimi siendi. Nimeongeza unga kwenye sufuria, wa kumtosha na Yaya, na sasa nakoroga, huku naandika kwa mkono mwingine.