Shukrani za Gervasi

Helena, shemeji yako Gervasi amejikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Si unajua anadaiwa kodi ya mapato na hataki kulipa? Juzi alimlilia afisa wa kodi, eti mashine yake ya kukamua alizeti imekufa, hana hata pa kushika. Alitoa na machozi, mtu mzima yule.

Leo kanisani hapa Katesh kasimama mbele kutoa shukrani. Eti Mungu kambariki, sasa ana mashine tatu. Tatu, Helena.

Afisa kakaa benchi la pili. Akaitikia "Amina" mpaka kwaya ikageuka.

Sasa Gervasi yuko kwa padri, anamwomba akamshuhudie kwa afisa kwamba pale madhabahuni alikuwa anamdanganya Mungu tu.