Mama Mkwe Ametunguliwa, na Mpango Ulikuwa Wangu

Bi Jumwa, mshauri wetu wa gazetini, salamu nyingi, na tafadhali usicheke kabla hujafika mwisho, kwa maana mke ameniondokea na mama mkwe hasemi nami.

Mimi ni Ghalib, nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Changamwe, na mwaka huu wa tisini na tisa, tulipovuta intaneti, sisi na wenzetu wa Likoni tulianza mchezo wa kurusha ndege za kivita, kila upande kwenye kompyuta zake na tunakutana angani kupitia laini ya simu, na kazi ninayoipenda kuliko hata kurusha ni kuvitunga hivyo vita vyenyewe, yaani mimi ndiye ninayeamua viwanja vya ndege viwe wapi, na daraja likivunjwa Jumamosi hii linabaki limevunjika Jumamosi ijayo, na ndege hairuki bila mafuta, na mafuta hayaji yenyewe, lazima mtu ayabebe kwa ndege ya mizigo, nzito, haina hata bunduki moja. Hapo ndipo mpango wangu ulipokwama, kwa sababu kila mtu alitaka kupigana na hakuna aliyetaka kubeba mafuta, ikawa tuna vita vya ndege zilizoegeshwa.

Siku moja mama mkwe wangu, Bi Barke, akapita dukani akitoka kuangaliwa magoti, akatukuta tunabishana, akauliza, "Kwani hiyo ya mizigo ina kasoro gani?" Nikamwambia, "Haina kasoro, mama, haina sifa tu." Akakaa. Bi Jumwa, mara ya kwanza aliitumbukiza baharini, mara ya pili akaitumbukiza baharini, ya tatu ikatua, na tangu hapo hakukosa Jumamosi, yeye ambaye tangu afiwe na mzee alikuwa hatoki sebuleni, akawa anakuja na birika lake la kahawa, anakaa kwenye kiti changu, anapeleka mafuta, nasi tukaanza kushinda.

Lakini sitakuficha, tulishinda pia kwa sababu wale wa Likoni walikuwa hawampigi. Kiongozi wao, Gershom, kijana wa bara mwenye adabu zake, akimwona tu humwandikia kwenye skrini, "Shikamoo mama," naye Bi Barke hujibu kwa kidole kimoja, "Marahaba mwanangu, nipishe," na Gershom hupisha. Mwishowe Gershom akanipigia simu. "Ghalib, hivi si vita," akasema. "Mimi siwezi kumpiga mama wa mtu. Fanya mpango, la sivyo sisi tunaacha." Na nyumbani mke wangu Salme naye ananiambia kila wiki, "Nirudishie mamangu, nimempelekea chakula kwake na hayuko." Mimi kumwambia mkwe ainuke kwenye kiti sithubutu, wallahi hata kumtazama usoni naona haya, basi nikatunga misheni mpya, nikaweka kwenye njia yake ya mafuta ndege za doria zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe, ambazo hazijui shikamoo wala marahaba, na wenzangu wote nikawaonya wakae mbali na njia ile. Yeye sikumwambia.

Akatunguliwa juu ya bahari na mafuta yote. Akageuka akaniuliza, "Mwanangu, hizi zimetoka wapi?" Nikasema, "Sijui, mama." Papo hapo yakatokea maneno ya Gershom kwenye skrini, naye akayasoma kwa sauti, polepole, duka zima likisikia: "Ghalib, mpango wako umefanya kazi. Asante." Akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena. Kisha akajifunga buibui lake, akachukua birika, akaondoka bila kwaheri.

Salme alipopata habari akasema nimemuua mamake mbele za watu, akafungasha akaenda kwao Port Reitz, yeye yule aliyekuwa akinililia nimrudishe. Nimempelekea Bi Barke halua, imerudi haijafunguliwa. Naambiwa anashinda sebuleni tena. Niambie, Bi Jumwa, niziondoe ndege za doria, niufunge mchezo, au niuze kompyuta zote niokoe ndoa?

Ghalib, Changamwe

*

Ghalib mwanangu,

Nilijizuia mpaka nikafika kwenye "nipishe". Hapo nilishindwa, unisamehe.

Sasa nisikilize. Umeweza kutunga vita vizima, na madaraja yake na mafuta yake, ukashindwa kutunga maneno matano ya kumwambia mkweo, "Mama, njia ile ina hatari." Uliona haya kumwambia, hukuona haya kumtega. Haya ya namna hiyo, baba, kaitafutie jina jingine.

Wewe unadhani amekasirika kwa kuwa ametunguliwa. Hebu isome tena barua yako. Mara mbili aliitumbukiza ndege baharini na hakununa, alirudi kujaribu. Kuanguka hakumsumbui huyu mama. Kinachomuuma ni kwamba marubani wote walionywa isipokuwa yeye, na alipokuuliza ukamjibu hujui. Mpaka dakika ile alikuwa mmoja wenu. Baada yake akajiona ni bi kizee mliyekuwa mkimvumilia kwa sababu ya umri wake na binti yake. Mjane amepata mahali anapongojewa, na wewe umemwonyesha mlango. Gershom naye mpe salamu zangu, umwambie kupisha kila wiki nako kunachosha. Mama hakuja kusalimiwa, alikuja kufikisha mafuta.

Salme usimshangae. Binti anaweza kuchukia kuona mamake anakosa chakula chake, na bado akachukia zaidi kuona mamake anaaibishwa. Ngoja na wewe upate binti, utaona.

Basi fanya hivi. Kompyuta usiuze, ndiyo mkate wako. Ndege za doria usiziondoe, maana ukiziondoa utakuwa unamhurumia, na huruma hatakusamehe. Halua usipeleke tena, hakukuomba kitu kitamu, alikuuliza swali. Nenda Port Reitz mwenyewe, mchana, Salme awepo asikie. Usijifiche nyuma ya salamu. Sema, "Mama, uliniuliza zimetoka wapi, nikasema sijui. Nilizitoa mimi, na wewe peke yako sikukuonya." Kisha nyamaza. Akikufokea, pokea. Akinyamaza, nyamaza naye, wala usianze kumweleza habari za intaneti.

Akishamaliza, muulize mafuta yapitishwe njia gani, na njia atakayokwambia uifuate. Tangu siku hiyo akae nanyi mnapopanga, asikie hatari kama wanavyosikia wengine. Saa ya chakula mchezo usimame, umpeleke wewe mwenyewe kwa Salme, na usile kabla yao.

La mwisho. Akikubali kuruka tena, na nadhani atakubali, asiende peke yake. Wewe mpenda kutunga, siku hiyo kaa kwenye ndege ya kivita umsindikize mpaka mafuta yafike. Najua ndege yako ina mbio kuliko yake. Ipunguze. Usimpite.

Bi Jumwa