Fomu Zenye Sahihi Yangu

Kaka Ndahani,

Jana bosi aliniagiza nifute jina lako. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai ya saa nne, akasema haipendezi programu ya ofisi kufunguka kwa jina la mtu aliyekwisha ondoka, wageni wanauliza maswali. Nikamjibu, "Ndiyo, mzee." Unanijua nilivyo, mdomo wangu mwepesi wa kusema ndiyo. Lakini leo nimekaa mbele ya mashine yako tangu asubuhi na sijafuta hata herufi moja. Kile kidirisha cha kwanza bado kinatokea na maneno yako, "Imetengenezwa na Ndahani," kinakaa kidogo, kinaondoka. Nimekifungua mara nyingi mno leo. Halafu nikaona aibu, nikachukua karatasi.

Una siku thelathini na saba ardhini, kaka. Jumamosi wanaanua matanga kwenu Bahi. Nataka nikueleze nitakachokwenda kufanya, lakini kwanza niseme lile ambalo hukuniuliza, nami nikashukuru moyoni kwamba hukuuliza.

Unakumbuka nilivyokuja? Kibarua, cheti cha kupiga chapa mkononi, nikiiogopa kompyuta hata kuigusa. Wafadhili walikuwa wameleta mashine nne, na wewe peke yako ndiye uliyejua kuziandikia programu. Ukanipa ile maktaba ya kutengenezea madirisha, yaani vipande vya programu vilivyokwisha andikwa, flopi sita na kitabu cha fotokopi chenye kurasa zilizofifia. Ukaniambia programu za zamani zilikuwa zinaanza juu zikashuka mpaka chini zikaisha, lakini hizi za madirisha zina tabia nyingine. Inaamka, inajiandaa, inafungua dirisha, kisha inakaa inasubiri mtu aguse kitu. Itasubiri hivyo siku nzima mpaka iambiwe basi. Na ikiambiwa basi haiondoki hivi hivi. Inapita kwanza kwenye utaratibu wa kufunga, inakusanya vyake, inaandika cha kuandika, ndipo inaaga.

Nilipofungua dirisha langu la kwanza nilipiga vigelegele ofisini. Wewe hukucheka. Ulisema, "Kuwasha kila mtu anaweza, Rehema. Nioneshe unavyofunga."

Nilikuona una roho mbaya siku ile. Nisamehe na hilo.

Mwaka ule mvua ikagoma. Mbuga ya Bahi ambamo watu huvua samaki ikapasuka vumbi, mtama ukakaukia shambani ukiwa umefika magotini. Ofisi yetu ikapewa kazi ya orodha ya kaya za kupata mahindi ya msaada. Wewe ukatengeneza programu, mimi nikaingiza majina kutoka kwenye fomu. Na wewe, kwa akili yako ya kuogopa, ukaifanya iandike kwenye diski kila jina moja linapoingia. Ilikuwa inasumbua. Kila nikibonyeza, mashine inakoroma, nasubiri, inakoroma tena. Mimba yangu ilikuwa na miezi sita, mgongo unaniuma, fomu zimejaa meza nzima.

Ukaenda Hombolo mwezi mzima kufundisha watu wa chuo. Ndipo nikafanya ujanja wangu. Nikauchukua ule mstari wa kuhifadhi, nikauhamishia kwenye utaratibu wa kufunga. Kitabu si ndivyo kilivyosema, kwamba kuandika kwa mwisho mahali pake ni pale? Nikajaribu. Nikaingiza majina ya uongo, nikabonyeza ile eksi ya pembeni, nikafungua tena, majina yapo. Nikajaribu hata mara kumi. Yapo. Kazi ikaenda kama maji, nikajiona na mimi fundi.

Alhamisi ile nilikuwa na fomu za kijiji chenu. Nakumbuka ya kwanza ilikuwa ya mama yako, na dole gumba lake la wino. Niliziingiza zote, kaya mia na kumi na nne, na kila niliyoimaliza niliigonga muhuri wa IMEINGIZWA nikatia sahihi. Kabla sijafunga programu nikaitwa chumba cha bosi kupeleka faili. Niliporudi ilikuwa imepita saa tisa na nusu, mlango umefungwa, na Mama Sefu mhudumu amekwisha shusha swichi kubwa ya ukutani, kama alivyoamriwa kila siku ili radi isije ikaziunguza mashine za wafadhili.

Nilisimama pale mlangoni nikasema moyoni, si imezimwa tu. Kuzima ni kuzima.

Kaka, ndivyo nilivyofikiri. Miezi minane unanifundisha kufunga, na nikafikiri hivyo. Umeme ukikatwa programu haiulizwi kitu, haipiti popote, haiandiki chochote. Ijumaa asubuhi nikaiwasha. Ikaamka vizuri, na jina lako mbele, bila lalamiko lolote. Fomu zina muhuri. Nikazifunga kamba, nikazipeleka stoo. Sikuangalia. Dakika mbili tu zingetosha kuangalia.

Orodha ilipochapwa na mahindi kugawanywa, kijiji chenu hakikuwemo. Uliporudi ukafungua mistari ya programu, mimi nimesimama nyuma ya kiti chako. Uliuona ule mstari mahali nilipouweka. Kisha ukaukata, ukaurudisha ulikokuwa, ukafunga, ukaenda kunywa chai. Nilisubiri uniite. Hukuniita.

Kwenye kikao ulisema maneno matatu. "Programu ni yangu." Na jina lako si lilikuwa pale kila mashine inapowashwa? Wakaamini. Mimi nilikuwa naandika kumbukumbu za kikao, kalamu mkononi, na niliyaandika hayo maneno kwa mwandiko mzuri kabisa.

Najua hesabu uliyopiga. Ulidhani wewe mwajiriwa wa miaka mingi watakukemea tu, na mimi kibarua mwenye mimba ningetupwa nje siku hiyohiyo. Ila ulikuwa wakati wa kupunguza watu. Walikuwa wanatafuta majina, na wewe ukawapa lako.

Orodha ya nyongeza ilipita vikao miezi miwili. Miezi miwili kwenu walikula mizizi, wakauza mbuzi kwa bei ya kuku. Mzee Chalo, jirani yenu, hakuyaona mahindi yalipofika. Na uliporudi nyumbani na mkoba wako, walikwisha amua kwamba uliwaondoa makusudi, kwa ule ugomvi wa baba yako na wao wa majaruba ya mpunga. Mama yako naye alikosa, lakini nani aliamini? Walisema ulikuwa unamlisha kwa siri. Dada yako ndiye aliyenisimulia, kwamba ulikuwa unapita unasalimia "Mbukwenyi!" na watu wanageuza nyuso kwenye majembe yao. Mwaka mzima, kaka. Mwaka mzima salamu zako zinaanguka chini, na neno moja tu lingekusafisha, na hukulisema. Ulipougua kifua hakutokea mtu wa kukubeba mpaka barabarani. Dada yako na mama yako walikuburuta kwenye mkokoteni wa punda.

Nimekukasirikia, ujue. Nani alikuambia unibebee? Ungeniuliza ningesema... sijui ningesema nini. Ningesema ndiyo, mzee. Hilo ndilo linalonila.

Mtoto anatembea sasa. Kitambaa alichokifuma mama yako bado nafunikia mashine yako. Mama Sefu bado anakuja na funguo saa tisa na nusu, na mimi nikisikia viatu vyake kwenye korido naanza kufunga programu moja moja, hata zile ambazo sikuzitumia.

Mazishini tulikuwa wachache. Mchungaji alisoma wasifu wako, akaruka miaka yote ya kazi kana kwamba hukuwahi kufanya kazi. Nilikuwa nimekaa karibu. Ningeweza kusimama. Baadaye mama yako akanishika mikono yote miwili, akaniambia, "Ahsante mwanangu. Wewe peke yako ndiye uliyemfaa mwanangu huko mjini." Nikamjibu, "Tuko pamoja, mama." Nikaipokea, kaka. Niliipokea ahsante ile nikarudi nayo Dodoma.

Wiki iliyopita nilimwendea bosi nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema faili la yule bwana limekwisha fungwa, na je, na mimi nataka kupunguzwa? Safari hii sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia, nilitoka tu. Nadhani ndiyo maana jana aliniletea hili la kufuta jina.

Sasa sikiliza. Nimekwenda stoo. Fomu zipo, zimefungwa kamba niliyoifunga mwenyewe, panya wamekula pembe moja tu. Zote mia na kumi na nne. Kila moja ina muhuri, ina tarehe ya ile Alhamisi, na chini ina sahihi yangu. Hakuna yako hata kwenye moja. Nimeziweka kwenye mfuko, zipo hapa miguuni pangu. Kuzitoa ofisini ni kosa la kufukuzwa, najua, na mtoto wangu anakula kwa kazi hii. Najua yote.

Jina lako sitalifuta. Wakitaka, watatafuta mwingine wa kulifuta, na itabidi kwanza wamfundishe.

Jumamosi nitakuja. Kabla chakula hakijapakuliwa nitaomba kusimama, nami nitazisoma hizo fomu jina kwa jina, na kila atakayesikia jina lake aje achukue karatasi yake aone imetiwa sahihi na nani. Ya Mzee Chalo nitampa mjane wake. Wakinipiga, wanipige. Ya mama yako ndiyo nitakayoanza nayo, kama nilivyoanza nayo siku ile.

Lala, kaka yangu. Umekaa umenisubiri vya kutosha. Nakuahidi hili moja, na nitalitimiza kabla jua halijazama Jumamosi: namrudishia mama yako ahsante yake.

Ni mimi uliyenifundisha,
Rehema