Kijiji Chini ya Meza Yangu

Jumapili, 12 Januari

Zamu saa kumi na mbili asubuhi. Nimepokea kutoka kwa Otieno: funguo kumi na nne, tochi moja, redio ya mawasiliano moja, mwavuli mmoja uliosahauliwa na mpangaji. Nimehesabu, nimesaini. Kwenye kazi hii ya ulinzi, kilichoandikwa kwenye daftari la makabidhiano kipo. Ambacho hakikuandikwa hakipo, hata ukikikalia.

Na kuna kitu ambacho hakikuandikwa. Boksi la Mzee Karel, mpangaji wa 402. Lipo chini ya meza, nimeliegemezea miguu. Alinikabidhi jana wakati wanamshusha kwa machela. Moyo. Uso umekuwa rangi ya jivu, lakini mkono umelishika boksi kama mtoto. "Issa, mpaka mpwa wangu aje." Kiingereza chake kibovu kama changu, ndiyo maana tumeelewana miaka mitatu.

Nimeahidi. Basi.

Jumanne, 14 Januari

Nimefungua boksi. Hakunikataza.

Madaftari kumi na moja, picha za zamani, ramani moja kubwa ya kuchorwa kwa mkono. Maandishi ni Kicheki, sijui hata neno. Lakini ramani naisoma bila shida. Alinisomesha mwenyewe, alasiri baada ya alasiri, kikombe cha chai mkononi, hapa hapa mapokezi.

Horní Jedlinka, kwao Mzee Karel. Kijiji cha milimani, mpakani na Poland. Mto mmoja mwembamba, nyumba zimepangana kando yake kupanda juu kama shanga. Kanisa chini. Juu kabisa tanuri la vioo, maana kuni zilikuwa huko. Juu ya tanuri hakuna kitu, upepo tu. Bonde limebana kiasi kwamba Novemba jua linajificha nyuma ya mlima na halirudi mpaka Februari mwanzoni. Siku likirudi watu walikuwa wanatoka nje na kusimama. Hawafanyi kitu. Wanasimama tu.

Namba za nyumba hazifuati njia. Zinafuata nani alijenga kwanza. Namba moja imekaa jirani na thelathini na moja. Tarishi mgeni angelia. Lakini ukijua namba, unajua nani alitangulia. Na nyumba ikianguka, namba yake hapewi mwingine. Namba kumi na saba ndiyo ya mama yake Mzee Karel.

Mimi ni Msambaa wa juu ya Mlalo. Mlima naujua. Hapa Doha mlima mrefu kuliko yote ni ngazi ya dharura.

Jumatano, 15 Januari

Supavaiza amekuja, Bwana Thomas. Mudir, meneja wa jengo, anataka 402 iwe tupu, kuna mpangaji mpya. Samani zichukuliwe na lori. Karatasi ziende kwenye pipa.

Akaliona boksi. Nikamwambia ni la mpangaji.

"Mpangaji khalas."

Hajafa, nikasema. Yupo hospitali.

"Jumatatu nikija nisilione. Ama utakwenda kulinda makontena Industrial Area."

Ndani ya boksi hilo mna majina ya kila mtu aliyeishi kila nyumba tangu namba moja. Mzee amekusanya maisha yake yote. Nakala nyingine hakuna. Likiingia kwenye pipa, kijiji kimekwisha.

Sitalitupa. Nimekasirika hadi nimesahau kula.

Jioni, kabla ya kukabidhi, nimeandika kwenye daftari, kwa herufi nzuri kuliko kawaida: *Boksi moja la kahawia, limefungwa kwa kamba. Mali ya mpangaji 402. Litatolewa kwa saini ya mwenyewe au ndugu yake tu.* Leo zamu ya usiku lazima ilihesabu. Na kesho. Mpaka kiama.

Otieno amesoma, amenitazama.

"Manze, hii boksi ya mzungu itatumaliza. Leta kalamu."

Akasaini.

Alhamisi, 16 Januari

Alhamisi ni siku ya ukaguzi. Bwana Thomas hukagua hivi: simu sikioni, kalamu mkononi, saini chini ya kila ukurasa, yalla, anaondoka. Miaka mitatu sijawahi kumwona akisoma hata mstari mmoja.

Leo pia hakusoma.

Nitalala vizuri sana.

Ijumaa, 17 Januari

Siku yangu ya mapumziko. Baada ya swala nimekwenda hospitali. Mzee amepungua. Mirija puani. Nimemwambia kijiji chake kimeandikishwa rasmi nchini Qatar na kina saini ya supavaiza. Amecheka hadi mashine ikaanza kulia.

Nesi Mkenya amenijia juu. "Wewe! Umekuja kuona mgonjwa ama kumaliza mgonjwa?" Halafu akaniletea kiti.

Mpwa anaitwa Hana. Anahangaikia viza na tiketi.

Jumatatu, 20 Januari

Bwana Thomas amekuja saa nne. Boksi lipo. Akainama mwenyewe kulichukua.

Sikumzuia. Nimefungua daftari, nimempa kalamu. Nikamwambia bosi, kanuni ni yako, uliifundisha wewe: kitu kilichoandikwa hakitoki bila jina na saini ya aliyekitoa. Andika tu hapa kwamba umekitupa wewe.

Akaitazama ile kalamu kama nyoka. Akarudisha kurasa, akakuta saini yake ya Alhamisi. Shingo ikabadilika rangi.

Akaliacha.

Najua atalipiza. Na alipize.

Jumanne, 21 Januari

Mzee Karel amefariki alfajiri. Nesi amenipigia.

Jumatano, 22 Januari

Barua imefika. Kuanzia Jumapili, Industrial Area. Bwana Thomas amenipa mkononi, halafu akaongeza kwamba mpangaji sasa amekufa kweli, kwa hiyo boksi halina mwenyewe.

Lina ndugu. Imeandikwa "au ndugu yake". Niliandika mwenyewe.

Leo nimekaa na ile ramani. Nyumba nyingi zina msalaba mdogo wa kalamu nyekundu. Watu wa Jedlinka wengi walikuwa wasema Kijerumani. Vita kuu ya pili ilipokwisha waliambiwa wafunge mzigo mmoja wa kubeba, funguo ziachwe mlangoni. Wakapandishwa treni. Mama yake Mzee alibaki kwa sababu alikuwa ameolewa na Mcheki. Alibaki kuangalia. Ng'ombe walilia siku mbili kwa maziwa, hakuna wa kukamua. Wageni wakaletwa kutoka tambarare, hawakuiweza baridi, wakashuka. Paa zikaanguka. Miti ikaingia jikoni. Hata kwenye makaburi majina yakang'olewa.

Wajerumani ndio waliomhamisha babu wa babu yangu, kupisha shamba lao. Mzee alipofika hapo kwenye hadithi alinitazama usoni, kuona kama nitasema nao wameonja. Nilikuwa nayo mdomoni, siongopi. Nikaimeza. Bibi wa namba ishirini na tisa, mmoja wa waliofukuzwa, na mbuzi wake wawili, hakumhamisha mtu wa kwetu.

Kijiji kimefukuzwa mara moja. Mara ya pili si kwenye zamu yangu. Na zamu yangu bado ina siku tatu.

Alhamisi, 23 Januari

Ukaguzi. Leo Bwana Thomas amesoma daftari zima, mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi. Dakika arobaini. Angalau nimemfundisha kusoma.

Hakupata pa kulitoa boksi. Amesaini.

Hana hajafika.

Jumamosi, 25 Januari

Siku yangu ya mwisho hapa jengoni, Al Sadd. Asubuhi kimya. Mchana kimya. Saa kumi Otieno amewahi kuja kuniaga, nimeanza kumpa maelekezo ya boksi kama mtu anayeacha wosia.

"TZ, usinipe lecture. Nitaihesabu hiyo kitu hadi nistaafu."

Saa kumi na moja mwanamke akaingia na begi dogo, koti la baridi mkononi, macho mekundu. Pua ni ya Mzee kabisa. Sikumuuliza jina. Nikamuuliza namba ya nyumba ya bibi yake.

"Kumi na saba."

Nikampa kalamu. Akasaini. Akapiga magoti sakafuni, akafungua kamba, akaona ramani.

Mkononi mwangu daftari limepungua mstari mmoja. Uzito wake nimeusikia.

Jumapili, 2 Februari

Industrial Area. Lango la yadi ya makontena. Vumbi, malori, paka mmoja. Nimepokea funguo tatu na tochi moja mbovu. Nimeandika "mbovu".

Hana ametuma picha kutoka Jedlinka. Theluji, kipande cha ukuta wa mawe, na juu ya jiwe la kizingiti jua, upana wa kiganja. Nimeitazama muda mrefu, nimesimama.

Juzi nilimuuliza mama kwa simu nyumba ya kwanza kujengwa kijijini kwetu ni ipi. Nilidhani ni yetu. Leo ametuma sauti, nyuma yake watu wanabishana. "Yetu ya sita, mwanangu." "Ya saba!" "Nyamaza wewe, ulikuwa hujazaliwa. Ya kwanza ni ya kina Mashaka, ile iliyoshuka na maporomoko. Kwani unataka nini na nyumba za watu?"

Nimegeuza karatasi ya zamu, upande mweupe. Nimechora mto wa kwetu kwanza. Halafu namba moja, ya kina Mashaka, pale pale iliposhukia.