Lenzi ya Mdomo Mpana

Mdogo wangu Mrefu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na huyo binti yenu ambaye nasikia siku hizi anatembea kwa kushika kuta. Sisi huku tunapumua. Mama hajambo. Goti linamsumbua kama kawaida yake, na kama kawaida yake anasema halimsumbui. Pacha wamerefuka, viatu vya mwanzo wa mwaka haviwaingii tena. Shemeji yako anakusalimu sana, na anasema lile sweta ulilolisahau hapa bado limetundikwa mlangoni.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu wakati simu tunazo. Nimejaribu kwa simu, mdogo wangu, maneno yakanikwama. Ndiyo maana nimeituma kwa karani wa kituo chenu cha mabasi akupe mkononi. Tafuta mahali ukae, uisome yote kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Nianze na lenzi, kwa sababu yote haya yalianza na lenzi, na wewe mwenyewe mara ya mwisho uliniuliza nimeamua nini.

Hii niliyonayo ni ya kuvuta. Nasimama mahali pamoja, naizungusha, mtu wa mbali anasogea. Mchana haina taabu. Lakini mdomo wake ni mwembamba, haumezi mwanga wa kutosha, na kazi zangu karibu zote ni za jioni, kwenye kumbi zenye taa za rangi zinazocheza cheza. Ile niliyoitamani haivuti hata kidogo. Ukitaka sura ya mtu ijae kwenye picha, unamfuata kwa miguu yako. Ila mdomo wake ni mpana kama bakuli, na wenye nayo husema mshumaa mmoja unaitosha. Kuipata ilinibidi nimwachie mwenye duka lenzi zangu zote mbili, hii na nyingine ya zamani, nibaki na hiyo moja tu. Hapo ndipo nilipokuwa nazunguka kama kuku asiyejua atage wapi.

Kazi ilikuwa inaniponyoka. Nikichungulia kwenye kamera naona giza, katikati pameachwa tundu la mwanga. Wateja wakaanza maneno. Baba mmoja wa bibi harusi alirudisha albamu akaniuliza kwa upole kabisa kama siku ile nilikuwa naumwa. Upole wake ulinikata kuliko matusi. Mwenzangu wa studio ya jirani akaniambia nitumie flashi kama watu wote niache kulia lia. Nikamweleza kwamba flashi inaua sura za watu, inawafanya wote wafanane na picha za kitambulisho.

Shemeji yako naye alikataa katakata. Kila nikianza habari ya lenzi anasema tungoje kidogo. Tungoje nini, hasemi. Nilimwona ni mtu anayenirudisha nyuma. Tulifika mahali pa kulala tumegeuziana migongo kwa ajili ya kipande cha kioo, na pacha asubuhi wanatuuliza nani kamkasirikia nani.

Mwisho nilikwenda dukani bila kumwambia. Mwenye duka ni mama mmoja mtulivu, sisi wapiga picha tunamwita Mama Lenzi. Aliniona ninavyoitazama, akasema niache zangu pale niende nayo kwenye harusi ya wikendi hiyo, nikiipenda tubadilishane, nisipoipenda niirudishe. Nilitoka mle nikitembea kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ambebe.

Ilikuwa harusi ya muuguzi mmoja na mwalimu. Nilipoichungulia ile lenzi ukumbini mara ya kwanza, Mrefu, nilisahau hata kubonyeza. Pale katikati pakawaka. Niliona hata jasho juu ya mdomo wa bwana harusi. Nikajiambia, basi, shida imekwisha.

Haikuchukua muda. Nikirudi kinyumenyume nilimgonga mtu mrefu aliyevaa nyeusi, nikamwomba radhi, nikamwomba tena kwa sababu hakunijibu. Watoto wakaanza kucheka. Ilikuwa ni spika. Nikacheka nao, kwani ningefanyaje. Kisha mshereheshaji akatangaza kwamba maharusi wanaingia. Nikajipanga, nikaelekeza kamera mlangoni, nikangoja. Nikasikia vigelegele, nikasikia muziki umepanda, na mlangoni hakuna mtu. Nilipoteremsha kamera nikakuta migongo yao iko mbele kabisa. Walikuwa wamepita kando yangu. Gauni la bibi harusi lilikuwa limenigusa mguu, na sikumwona.

Nikaharakisha kuwafuata. Palikuwa na ngazi moja tu ya jukwaa, ngazi ambayo mtoto wa miaka mitatu angeiona. Nilijikwaa, nikaiangukia meza ya mashangazi wa bibi harusi, vinywaji na maua vikamwagika. Niliikumbatia ile lenzi kifuani, ikapona. Nikamsikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake kwamba mpiga picha wao amelewa. Unanijua, sijawahi kuonja pombe. Sikumkanusha. Kusema kweli, neno lile lilinipa ahueni, kwa sababu mlevi kesho anaamka anaona vizuri.

Nyumbani tuliketi kwenye kompyuta na shemeji yako, yeye ndiye anayesafisha picha. Ukumbi ulikuwa unang'aa kama mchana. Lakini lenzi ya mdomo mpana haisamehe: inakuwa kali mahali padogo sana, pengine pote ni ukungu. Na kila picha ukali ulikuwa umeangukia mahali pasipo pake. Sikio la bibi harusi. Pazia. Kitambaa cha meza, kila uzi unauhesabu, na nyuma yake watu wawili wanaobusiana ambao huwezi kujua ni nani. Nikaanza kufoka kwamba lenzi ni mbovu, kwamba yule mama ameniuzia mbuzi kwenye gunia. Shemeji yako aliacha kubofya. Akageuza kiti chake tukatazamana.

"Baba Pacha," akasema, "lenzi haina kosa. Taa za ukumbi hazina kosa. Wewe huoni."

Aliniambia kwamba ni muda mrefu anazificha picha mbaya, anachagua zile chache zilizobahatika na kuzikata kata mpaka zionekane zimekusudiwa. Kwamba naweka kikombe nje ya meza. Kwamba pacha, bila mtu kuwafundisha, wamezoea kusema "tuko hapa, baba" jua linapozama, ili nisiwakanyage. Mimi nilidhani ni mchezo wao. Alikuwa anasema tungoje kwa sababu alikuwa anangoja nigundue mwenyewe, hakuwa na moyo wa kuwa yeye wa kunieleza. Alilia. Mimi sikulia siku ile. Nilikwenda nikakaa chooni na taa nimeiwasha, nikaitazama ile taa.

Kliniki ya macho walinikalisha mbele ya mashine iliyo kama beseni jeupe, kidevu nimekiegemeza, kidole kwenye kitufe. Nikaambiwa kila nikiona nukta ya mwanga nibonyeze. Nilingoja. Nikangoja. Nikamwuliza yule fundi kwa adabu wataanza saa ngapi. Akaniambia tumeshapita nusu.

Mdogo wangu, sijui kama kuna ukimya kama ule.

Daktari, mwanamke wa umri wa Mama, alinieleza bila kuzunguka. Nyuma ya jicho kuna utando ambao ndio unaoupokea mwanga. Wangu unakufa kuanzia pembeni kuja katikati. Usiku unatangulia kupotea, kisha pembeni, na katikati panangoja zamu yake. Hakuna miwani ya hilo wala tone la dawa. Nilimwuliza, kama mtoto, je, nikitumia lenzi inayoingiza mwanga zaidi? Hakunicheka. Alisema mwanga unaingia wa kutosha, tatizo ni kwamba hakuna wa kuupokea.

Nikadhani amemaliza. Akachukua kalamu, akauliza:

"Una ndugu wa tumbo moja?"

Nikakutaja wewe. Aliniuliza pia upande wa mama, kama kuna mwanamume aliyepofuka. Nikamkumbuka Mjomba, yule tuliyekuwa tunamwita Maringo kwa sababu jioni alikuwa akipita watu bila kuwasalimia. Hata alipoanza kutembea mikono mbele, watu walisema maringo yake yamemrudi. Daktari alisema ugonjwa huu mara nyingi hupita kwa mama ukamwacha salama au karibu salama, ukaangukia wanawe wa kiume. Si wote lazima. Anaweza kupata huyu, akaokoka huyu. Lakini hakuna anayejua mpaka apimwe.

Lenzi niliirudisha. Nilikuwa nimeisafisha vizuri. Mama Lenzi alinirudishia zangu bila kuniuliza kitu, akanisindikiza mpaka nje, jambo ambalo hajawahi kulifanya, nadhani aliona ninavyoutafuta mlango. Kazi za jioni sasa anakwenda shemeji yako. Anatetemeka mikono, ila anaona. Mimi nimebaki na za mchana, na sijui mchana wangu umebaki kiasi gani. Asubuhi nyingine naamka na kabla sijafungua macho naogopa kuyafungua. Siwezi kumwambia mtu hili ila wewe.

Sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Nilikupigia siku ileile niliyotoka kliniki. Ulikuwa kituoni unangoja abiria wapande, una furaha, hukunipa hata nafasi ya kusema. Ukanisimulia kwamba barabara za siku hizi zimekuwa na giza, kwamba magari yanayokuja mbele yanakupiga mwanga mpaka unabaki huoni kitu kwa muda, na kwamba juzi ulimkosa kidogo mtu wa baiskeli aliyetokea ghafla pembeni. Ukacheka. Ukaniambia lakini si neno, umeshamwambia fundi akufungie taa kali zaidi kwenye basi.

Nilikata simu, Mrefu. Nilikudanganya kwamba ni mtandao. Nikakaa palepale ukingoni mwa barabara.

Huenda ni taa kweli. Huenda ni uchovu, au miwani tu unahitaji, na utanicheka mpaka uzeeni. Namwomba Mungu unicheke. Lakini mimi nami nilikuwa na hakika kwamba ni lenzi.

Nakuomba ufanye kitu kimoja hapo ulipokaa, daktari amenifundisha. Tazama mbele, mahali pamoja, usigeuze shingo wala macho. Nyoosha mikono mbele yako, kisha ipeleke pembeni polepole huku unachezesha vidole. Mtu mwenye macho mazima anaviona vidole vyake mpaka mikono imenyooka kama mabawa. Vyangu vinapotea mapema, mikono ikiwa bado iko mbele, kama mtu anayepokea sinia. Usifanye mbele ya shemeji, atashtuka. Fanya peke yako. Na hata kama utaviona vyote, usiendeshe basi leo. Mwambie bosi wako unaumwa, mwambie nimekufa mimi ukipenda, kisha uje. Nimekuwekea miadi kwa daktari.

Mama hajui chochote. Akijua kwamba ugonjwa umepitia kwake hatalala tena, kwa hiyo tutamweleza pamoja, wewe ukiwa hapa, nikiweza kukushika bega.

Nisalimie shemeji na mtoto mbusu. Pacha wanakusalimu, shemeji yako anakusalimu, Mama anakusalimu na anauliza lini utakuja kula kwake. Usinipigie simu kwanza kunijibu mengine yote haya. Nitumie neno moja tu: vidole vyako vimepotelea wapi.

Ni mimi kaka yako anayekupenda,
Baba Pacha