Mwendo Uliouacha kwenye Simu

Ujiji,
Alhamisi, 14 Agosti.

Bibi yangu,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kabla sijafikiri, halafu kalamu ikasimama, kwa sababu marahaba yako ilikuwa inakuja hata mtu hajamaliza neno. Nimesubiri kidogo. Basi naendelea.

Nakuahidi kwamba katika barua hii nitakueleza yote, hata yale ambayo sijamwambia mtu hapa nyumbani. Hasa hayo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua nzuri ni ile iliyopangwa. Nitajaribu kuipanga. Nikirukaruka unisamehe, ni mshtuko, bado haujaniachia.

Kwanza habari za hapa. Sisi ni wazima. Shangazi Zena bado yupo, hajarudi kwake. Jiko lako la kubanikia samaki wa migebuka limefunikwa bati, na paka wako analala juu ya bati hilo mchana kutwa. Wateja bado wanakuja. Jana alikuja mmoja kutoka Kigoma mjini kwa bodaboda, akapiga hodi, akasema, "Mwambieni mwenyewe leo nataka wale wanene." Shangazi alijifunika uso kwa kanga. Ikabidi nimwambie mimi. Alikaa palepale kwenye ngazi, na helmeti bado kichwani.

Na kila anayekuja kutoa pole, Baba humwambia maneno yaleyale: "Mama hakuumwa. Hakuumwa hata siku moja. Aliswali Adhuhuri, akakaa kivulini, akaenda." Huyasema akiwa ameinua kidole, kama mtu anayetoa ushahidi. Watu humjibu, "Alhamdulillahi, hakuteseka," na hapo mabega ya Baba hushuka kidogo. Nimemwangalia sana, Bibi. Maneno hayo ndiyo yanayompa usingizi. Naomba uyakumbuke unaposoma yanayofuata.

Unaikumbuka siku tuliyoitengeneza simu yako? Baba alikuletea ile simu ya kupangusa ili usome msahafu kwa maandishi makubwa, maana miwani yako ilishashindwa. Lakini kioo kilivikataa vidole vyako. Moto, chumvi na magamba ya samaki vilikuwa vimezilainisha ncha zake, ukipangusa, ukurasa umetulia palepale. Ukajaribu gumba. Ukajaribu kifundo. Mwisho ukaisukuma mbali, ukasema, "Hiki kioo kinawatambua wavivu tu." Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ndipo nikapata, kwenye mipangilio ya ile programu ya msahafu, mahali pa kuyafanya maandishi yajiendeshe yenyewe. Kulikuwa na mishale miwili ya kuchagua yaelekee wapi, na kijistari chenye namba moja hadi kumi cha kuchagua mwendo. Nilianza kwa kukosea mshale. Mistari ikawa inashuka badala ya kupanda, sura ikarudi nyuma, ukapiga kelele, "We Saida! Umeipa gia ya treni inayorudishwa stesheni!" Nikageuza. Tukaanza kutafuta mwendo. Kwenye kumi ulisema, "Nani ananifukuza?" Kwenye nne ulisema, "Huyu kalala, mwamsheni." Tulipofika saba hukusema kitu. Ulianza kusoma kwa sauti. Mstari mmoja, pumzi moja. Mstari mmoja, pumzi moja. Maandishi yakapanda nawe bega kwa bega, nawe ukaniinulia mkono bila kuacha kusoma, kwamba hapohapo, usiguse.

Baba alikuwa mlangoni anavua viatu. Akacheka, akasema mwendo huo anaujua, ndio uliomfundishia alipokuwa mdogo, na kwamba akikata pumzi katikati ya mstari ulikuwa unamgonga goti.

Nikakuonyesha pia jinsi ya kubadili namba mwenyewe kwa kugonga, kwa sababu ukigonga simu ilikuwa inakusikia. Ukaniambia hutakuwa na haja ya kujua. "Mimi ni wa saba," ulisema, "mpaka kaburini."

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Jumapili iliyopita tulikusomea hitima. Wanaume walikaa nje chini ya turubai, sisi wanawake tukajaa chumba cha ndani. Lililetwa lile sanduku la msikitini lenye juzuu thelathini, kila mmoja akachukua yake. Ikabaki ile ya ishirini na tatu, uliyokuwa ukiichukua wewe kwenye kila hitima ya watu. Ilipofunguliwa ikaonekana kurasa za katikati hazipo, zimechoka zimetoka. Shangazi akasema, "Saida, chukua simu ya bibi yako, isomee humo."

Nilikuwa na udhu. Nikaitoa kwenye mkoba wako wa ukindu, ambao Shangazi mwenyewe aliufunga fundo siku ile uliyotutoka, na tangu siku hiyo hakuna aliyeufungua. Nikaiwasha, nikafungua msahafu. Ulifunguka pale ulipoachia. Na kabla sijagusa kitu, maandishi yakaanza kupanda.

Yenyewe, Bibi.

Nilijua. Mimi ndiye niliyeiweka hivyo. Lakini nusura niidondoshe, kwa sababu ilikuwa kama hujui kwamba umekufa na umeendelea kusoma. Mama Feruzi, jirani, alichungulia begani kwangu, akakunja miguu yake yote miwili. "Auzubillahi! Inajisomea!" Shangazi akamkaripia, "Nyamaza wee, ni mitambo hiyo," lakini nilimwona naye akijisogeza ukutani. Wanawake wakacheka kwa kuziba midomo. Kicheko hicho kilinisaidia. Nikatafuta mwanzo wa juzuu, nikaanza.

Nilisoma mstari, nikafika mwisho wake, nikangoja. Maandishi yalikuwa hayajasogea vya kutosha. Nikasoma wa pili, nikangoja tena. Nilidhani simu imechoka kwa kukaa bila chaji. Pembeni yangu wenzangu wote walikuwa wanafunua kurasa. Nikafungua mipangilio nione kuna nini.

Haikuwa saba. Ilikuwa mbili.

Nilijiuliza ni nani aliyeichezea, na jibu likanijia kabla sijamaliza kujiuliza. Hakuna aliyeishika ila wewe. Nikarudi kwenye msahafu, na sijui kwa nini, nikajaribu kusoma kama mtu asiye na pumzi. Nusu ya mstari, nipumzike. Nusu nyingine, nipumzike. Hapo maandishi yakanipata. Yakaenda nami sawasawa, bila kunitangulia, bila kunisubiri.

Bibi, nilishtuka kuliko siku ile waliyokuja kuniita darasani. Siku ile niliambiwa. Safari hii niliona mwenyewe. Uliishusha kutoka saba hadi mbili, na haikuwa kwa siku moja, nakujua, usingekubali kuanguka mara moja. Uliigonga ikawa sita. Siku nyingine ikawa tano. Ikawa nne, ile uliyosema amelala. Na kila ulipoigonga ulikuwa peke yako.

Shangazi aliniita, "Saida, ongeza mwendo, wenzako wamemaliza, pilau inapoa." Nje sheikh alikohoa, maana dua ilikuwa inanisubiri mimi. Shangazi akanyoosha kidole aiguse simu, nami nikamgeuzia bega. Sijawahi kumfanyia hivyo. Nikaendelea na mbili yako, nakata mistari katikati, navuta pumzi, naendelea. Mama Feruzi akasema, "Mwacheni, mtoto analia."

Sikuwa nalia. Nilikuwa napumua kama wewe.

Nikamaliza, dua ikaombwa, watu wakala. Mimi nilikaa na sahani nikikumbuka njia ya kutoka mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Tulipanda ile njia kila asubuhi, mimi na beseni la samaki kichwani, wewe na fimbo. Mwaka jana tulikuwa tunapanda moja kwa moja. Mwaka huu ukaanza kusalimia. Kwa Mama Feruzi ulikaa kwenye benchi ukauliza habari za nyumbani, za watoto, za mguu wake, za mbuzi. Kwa wale mama wa mihogo ulisema "Mwakeye," wakafurahi kuamkiwa Kiha, wakakupa kigoda, ukaanza upya habari zote. Kwa fundi cherehani uliuliza hadi habari za bata, na fundi hana bata. Mimi nasimama, shingo inauma, nakwambia, "Bibi, nitachelewa shule!" Nawe unasema, "Mtu haamkiwi kwa kupitwa kama mti."

Nilidhani unapenda watu. Unawapenda, najua. Lakini ulikuwa unatafuta pumzi, Bibi, na uliificha ndani ya salamu, mahali ambapo hakuna mtu hapa Ujiji angeitafuta. Nani angemwona mgonjwa mtu anayeuliza habari za bata? Walikuwa wanasema bibi yako ana adabu ya watu wa zamani. Nami niliona fahari.

Juzi niliporudi kutoka shule niliifungua tena simu, peke yangu, nyuma ya nyumba. Nikabonyeza ule mshale mwingine. Maandishi yakaanza kushuka, yakarudi, polepole, kwa mwendo wako huohuo wa mbili. Niliyaangalia mpaka yakafika mwanzo wa sura yakasimama. Hakuna kilichotokea. Sijui nilitarajia nini. Nikaugeuza mshale kama ulivyokuwa, nikapeleka maandishi palepale ulipoachia, nikafunga fundo la mkoba.

Yote hayo ningeweza kuyabeba. Nimekuandikia kwa sababu ya leo.

Leo Baba alitoka kazini bandarini mapema. Alinikuta naosha vyombo. Akachuchumaa karibu yangu, jambo asilolifanya, akasema, "Saida, mama yangu. Kesho Ijumaa nikirudi, unifundishe ile simu ya Bibi. Nataka nimsomee Yasini." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Kisha akaongeza, "Nataka nimsomee kwa mwendo wake mwenyewe. Ule wa mstari mmoja pumzi moja." Akatabasamu, Bibi. Ni mara ya kwanza tangu siku ile.

Nilisuuza sahani moja mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Atakapoifungua kesho, maandishi yataanza kupanda yenyewe, na Baba si mtu wa kudanganywa na mwendo ule. Ataniuliza, "Mbona inatambaa?" Hatangoja nijibu. Atajua kwamba mama yake alikuwa anasoma nusu mstari kwa pumzi, na yeye amelala chumba cha pili. Ataanza kuhesabu barabara ya kwenda hospitali, kwamba si mbali, kwamba bajaji zinapita mlangoni. Na yale maneno anayoyasema akiwa ameinua kidole hatayasema tena. Sijui atalala na nini.

Nikiigonga ikawa saba, itanichukua muda wa kufumba macho. Kesho atasoma sambamba na mama aliye mzima. Atalia vizuri, atalala. Lakini ile mbili uliiweka wewe kwa kidole chako, ndicho kitu cha mwisho ulichokisema kuhusu hali yako, na ulikisema kwa simu kwa kuwa sisi hukutaka kutusumbua. Nikiifuta, nitakuwa nimekunyamazisha. Nitabaki mimi peke yangu ninayejua, na nina hofu kwamba mwaka ukipita hata mimi nitaanza kusema hukuumwa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kusema kweli. Na wewe ndiye uliyeficha. Nimekaa katikati yenu, kati ya Bibi aliyenifundisha na Bibi aliyeficha, na hakuna darasa la kidato cha tatu linalofundisha jambo hili.

Wakati mwingine nafikiri kwamba kama ungetaka isijulikane kabisa, ungerudisha saba kila ulipomaliza kusoma. Hukurudisha. Nashikilia hapo. Labda ulimwachia mtu aione, na ulijua mtu wa kwanza kuufungua ule msahafu nitakuwa mimi. Au labda siku ile hukupata nafasi. Uliifunga simu, ukaenda kivulini, ukasema nitairudisha baadaye.

Lala salama, Bibi. Huko uliko namwomba Mungu akupe pumzi ndefu, mstari mzima na nusu ya unaofuata. Mimi naahidi sitagusa namba yoyote mpaka Baba atakapokaa na mimi kesho, na jambo lolote nitakalolifanya, nitalifanya mbele ya macho yangu mwenyewe, bila kujifanya sikujua. Mimi mjukuu wako Saida ninakuomba unijibu kabla ya hapo, hata kwa ndoto fupi, hata kwa neno moja tu nitakalolielewa: niiache mbili, au niirudishe saba?